Mjomba Amemchagua Golikipa

Bigwa,
Njia ya Mkuyuni,
Morogoro.

18 Juni 1995

Mpendwa mdogo wangu Hafidhi,

Assalaam aleikum. Shikamoo uliyoiweka juu kabisa ya barua yako nimeipokea, marahaba, ingawa najua umeiweka pale kama watu wanavyotandika kitambaa kizuri juu ya kochi bovu. Natumaini u mzima, unakula na unalala, na kile kikohozi cha alfajiri kimekuacha. Nasikia mwezi huu huko Botswana baridi inapasua midomo. Vaa sweta niliyokufumia. Kama umeshamgawia mtu, usiniambie.

Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama yuko Kinole. Goti lake linamsumbua akiteremka mlima na halimsumbui akipanda, kwa hiyo ameamua kutoteremka tena. Masika ilikuwa nzuri, ndizi zimebeba mpaka zimeegemezwa miti, na machungwa ya upande wa mtoni yameanza kuiva. Hapa mjini kila nguzo ina bendera ya chama, maana uchaguzi wa vyama vingi ni mwaka huu, na kila mwenye bendera anaapa kwamba akishinda atakifungua tena kiwanda chetu cha nguo. Mmoja aliapa hivyo akiwa amevaa shati la mtumba lenye jina la shule ya Kanada. Kiwanda chenyewe kimehamiwa na popo.

Mimi naendelea kushona sare za shule hapa kibarazani. Cherehani bado nzima, miguu bado mizima, ulimi ndio huu unaousoma.

Sasa nije kwenye barua yako ya Aprili, ile ya kazi. Najua salamu zote hizo umezisoma kwa jicho moja ukiitafuta mistari hii. Ulisema hapo kiwandani unapotunza stoo bosi anatafuta mtu mmoja anayejua mitambo ya kufuma kitambaa. Ukasema amekuamini, yuko tayari kuandika barua ya mwaliko kwa ndugu yako, na jina limfikie kabla ya Julai kwisha, la sivyo atachukua mtu kutoka Zimbabwe. Mpaka hapo barua ilikuwa na akili. Halafu ukaongeza mstari mmoja: nadhani Abdi anafaa, si ana cheti. Huo mstari ndio uliotuletea haya yote.

Barua uliituma kwa Mjomba Mikidadi, na hapo sina ugomvi, kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye kusema. Akatuita Kinole. Akaisoma kwa sauti ya khutba, akirudia kila palipoandikwa neno bosi. Chai haijapoa, kaka yako Abdi alikuwa ameshachaguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa naimimina hiyo chai. Hakuna aliyeinua uso kunitazama, isipokuwa Mjomba, na yeye alitaka sukari.

Hafidhi, hebu nisaidie kukumbuka. Katika nyumba yetu, nani alifuma? Mimi niliingia kiwandani kilipofunguliwa, nikiwa msichana, nikapelekwa idara ya kufuma, na sikutoka mpaka siku waliposimama getini kutusomea majina ya waliopunguzwa. Nimeacha nusu ya masikio yangu katika zile kelele. Ada yako ya sekondari ilitoka katika zile kelele, na viatu vyako vya kwanza vya ngozi, vile ulivyokataa kuvivua hata kulala. Ukakaa huko, ukashika kalamu, ukaandika nadhani Abdi anafaa. Niliumia. Nakuambia wazi ili usije ukasema hukuambiwa.

Abdi naye aliajiriwa kiwandani, hilo ni kweli, na cheti chake kimeandikwa Mfumaji Daraja la Pili, chenye mhuri na sahihi ya meneja. Lakini wewe na mimi na Morogoro nzima tunajua kwamba kaka yako aliajiriwa kudaka mpira. Siku zile kila kiwanda kilikuwa na timu, na mameneja walitafuta wachezaji kwa bidii kuliko walivyotafuta vipuri. Wakamwandika mfumaji kwa sababu hakuna kitabu cha mishahara chenye nafasi ya golikipa. Asubuhi alipita idarani kwetu kusalimia wasichana, jua likipanda yuko uwanjani. Nguo pekee aliyoigusa katika kiwanda kile ni jezi yake.

Mjomba haya yote anayajua. Lakini Mjomba bado anaishi katika ile fainali ya mashindano ya viwanda, siku Abdi alipopangua penalti ya mwisho na watu wakambeba mabegani mpaka mjini. Akimtazama Abdi anaiona ile penalti, na mtu hawezi kumweleza kitu mzee anayetazama mpira usiokuwapo. Basi mwenye ukoo mzima mikononi mwake akaamua kumpeleka golikipa ng'ambo akafume.

Maandalizi yakaanza. Akaletwa mtu anaitwa Oscar, wewe humjui, amezuka baada yako. Siku hizi ni ruksa, kila mwenye meza ni ofisi. Huyu ana chumba karibu na stendi ya Msamvu, simu isiyofungwa waya, na ramani kubwa ya dunia ambayo Botswana imefunikwa na kalenda. Anajiita mshauri wa ajira za nje. Nilimuuliza yeye mwenyewe alifanya kazi nchi gani ya nje, akanijibu kwamba daktari si lazima awe ameugua. Mjomba akacheka kwa furaha, akasema kijana ana elimu.

Oscar alimshauri Abdi anunue suti, apige picha akiwa na miwani, na asitembee tena peku peku. Suti ikatafutwa kwa akina Benedikto, yule aliyekuwa msimamizi wetu wa zamu, siku hizi anauza mitumba sokoni. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Mitumba ndiyo iliyokiua kiwanda, na waliopoteza kazi kiwandani ndio wanaoiuza, na mimi gauni langu likichanika naenda kununua kwao. Sina hata wa kumtukana.

Lugha haikumtia Abdi wasiwasi. Unakumbuka timu ya kiwanda ilikuwa inakwenda Mazimbu kucheza mechi za kirafiki na wale vijana wa Afrika Kusini, enzi walipokuwa wanasoma pale kabla nchi yao haijapata uhuru. Basi alishika wimbo wao mmoja na matusi manne, na kwa mtaji huo akasema atafika. Nikamwambia Botswana ni nchi nyingine na watu wake wana lugha yao. Akanijibu kwamba huko chini wote ni wamoja, na tena tuliwalea, hawawezi kututupa. Suti ilikuwa imeshamwingia kichwani.

Kisha wakamuaga. Hapa nakuomba ukae chini. Barua ya mwaliko ilikuwa haijaja, pasipoti ilikuwa haijatoka, na Mjomba akatangaza sherehe. Alisema safari hubarikiwa kabla, haibarikiwi baada, na kwamba watu wa ukoo wanaonekana Kinole mara moja kwa mwaka, wakitawanyika hatawapata tena. Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa, watoto wadogo wanalijua hilo. Lakini nani atamwambia Mjomba?

Wakaenda kaburini kwa Bibi. Mjomba akamnyunyizia Abdi maji ya unga, akawaeleza wazee waliolala pale kwamba mtoto wao anavuka nchi kwenda kazini, wamfungulie njia. Halafu pilau. Wachezaji wa zamani walikuja na jezi zao, matumbo yamezishinda, wakaimba. Na Abdi, kwa kuwa mtu anayeondoka haondoki na kitanda, akagawa vitu vyake vyote. Kitanda, redio, jiko la mkaa, hata glovu zake akampa kijana anayedakia timu ya mtaa. Chumba chake cha Mji Mpya akarudisha ufunguo. Watu walilia. Mimi niliosha masufuria.

Ndipo ikaja barua yako ya pili, ile fupi, kwamba bosi atamjaribu mgeni mtamboni siku ya kwanza, na akishindwa atarudi alikotoka kwa gharama zake. Safari hii Mjomba hakuisoma kwa sauti ya khutba.

Abdi alikuja kwangu siku ya pili yake, baada ya alasiri. Alikuwa na ile suti, maana nguo nyingine alishazigawa. Akakaa kibarazani akinitazama nikishona, akasifia cherehani, akasifia mnanasi wangu, mwishoni akaomba nimfundishe kufuma. Nilicheka, Hafidhi. Nilicheka mpaka mteja aliyekuja kupima sare akasogea pembeni.

Mitambo imefungiwa, nimfundishie wapi? Nikapindua stuli, nikazungushia nyuzi miguuni mwake zikakaza. Nikamwambia kazi yote ya mfumaji ni kukesha na uzi. Mtambo unafuma wenyewe, lakini uzi ukikatika unasimama, na hapo wanamtazama mfumaji. Anaunga kwa fundo dogo, dogo kabisa, lisiloshika popote wala kuonekana kwenye kitambaa, na mtambo unaendelea. Fundo hilo mimi nalifunga huku nazungumza na mtu mwingine. Nikaukata uzi mmoja, nikampa.

Akajaribu. Akajaribu tena. Ukucha mmoja hana, kidole cha kati kimepinda upande, kidogo cha kulia hakikunjiki kabisa. Miaka yote hiyo nimemwona akila, akicheza karata, akipunga mashabiki, na sijawahi kuvitazama vidole vyake. Uzi ukamponyoka, akauokota, ukamponyoka. Jasho likaanza kumtoka ndani ya suti.

Kisha akaiweka mikono magotini, akasema taratibu, "Dada, vidole hivi vilivunjika vikidaka mpira wa kiwanda chenu. Havijui kitu kingine."

Nilikuwa nimemwandalia masimango ya mwezi mzima. Nikayameza. Nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma, kwa sababu ile hasira ilikuwa inanisimamisha. Nikampa chai. Nilimwambia asiende. Akasema ameshaagwa.

Na hapo ndipo ukoo wetu ulipofikia kilele cha akili. Mtu aliyeagwa, akagawa kitanda, hawezi kuonekana sokoni kesho yake akinunua nyanya. Kwa hiyo Abdi alipanda gari la Kinole alfajiri, kofia imeshuka hadi puani, akajificha kwa Mama. Yuko huko mpaka leo. Mjini, Abdi yuko Botswana. Nikipita sokoni watu wananipa salamu nimpelekee. Benedikto anauliza kama suti imemfaa kwa ile baridi. Mwenzake mmoja wa timu anaapa amepata kadi kutoka kwake. Oscar naye amebandika ile picha ya miwani ukutani kwake, chini ameandika amefanikiwa, na vijana wanapanga foleni mlangoni. Nilisimama pale nikaitazama. Nilifikiri kuichana. Lakini ningesemaje kwamba huyo aliyefanikiwa yuko shambani kwetu analima mihogo?

Maana analima, Hafidhi, hilo ndilo la ajabu. Wiki ya kwanza alilala. Ya pili, Mama akamwambia mtu aliyeko Botswana haweki sahani kwangu, akampa jembe. Nilipopanda kuwatazama nilimkuta kando ya mto, amejenga upya lile tuta lililobomoka mwaka ulipoondoka wewe, mawe ameyapanga kwa mikono yake miwili mibovu. Jembe halitaki vidole vya kukunjika, linataka viganja. Alinionyesha migomba aliyoipandikiza, mmoja mmoja, kama mtu anayekutambulisha kwa wakwe. Sijapata kumwona hivyo tangu ile penalti. Nilimwambia matuta yake yamepinda, maana sikutaka kusema jingine.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Mjomba. Nilimwamkia vizuri, nikampelekea tumbaku yake, nikasema nafasi ya Botswana ipo, siku zinakwisha, mfumaji wa nyumba hii ni mimi, namwomba alitume jina langu. Niliyasema mbele ya Mama na Abdi, ambao nilikwenda nao, ili yasije yakageuzwa.

Mjomba alinitazama kwa upole, ule upole unaokuudhi kuliko kofi. Akaniambia ninasahau sisi ni watu gani. Kwa wengine, mwanamke huondoka akafuata mume, ardhi ikabaki kwa wanaume. Kwetu ardhi inapita kwa wanawake. Mwanamume wa ukoo ni tawi, liende litakako. "Lakini wewe ni shina, Mwaisha," akasema. "Shina halihami."

Miaka yote nimelisikia neno hilo na nilikuwa nikilionea fahari. Siku hiyo nililisikia kama mtu anayesikia mlango ukifungwa kwa nje. Shina ndilo linalomimina chai. Shina linasomesha matawi, yakikua yanaandika barua nadhani Abdi anafaa. Heshima yote ya duniani tumepewa wanawake wa ukoo huu, isipokuwa ya kuulizwa.

Nikamwambia, "Shina gani, Mjomba, na mimi sina mtoto?"

Unajua neno hilo halisemwi nyumbani kwetu. Mume aliniacha kwa ajili ya hilo na hakuna aliyelitaja, mnaona mnanisitiri. Lakini mficha uchi hazai, na mimi sikuzaa hata kwa kutouficha, basi nikaona nilitoe hadharani. Nilisema ardhi ya Kinole baada ya Mama itakwenda kwa mabinti wa mama mdogo Mwamvita, wako wengi na wana watoto, kila mtu hapa anajua. Mimi nazuiwa kama mlinzi wa mali ambayo sitamrithisha mtu. Na mlinzi mwingine yupo, yule pale, ana matope mpaka magotini.

Mjomba akaanza kukohoa, akasema tambiko lilishafanywa kwa safari hii, hawezi kwenda kuwasumbua waliokufa mara mbili kwa jambo moja. Hapo Mama, ambaye muda wote alikuwa akimenya mihogo, akaweka kisu chini. Unajua Mama akiweka kisu chini.

"Mikidadi mdogo wangu," akamwambia, "shina la hapa ni mimi, na bado sijafa. Huyu atakwenda. Hao waliokufa utawaambia ulikosea mtu, wanakujua."

Abdi ndiye aliyecheka kwanza. Mjomba akavuta tumbaku niliyomletea, mwishoni akauliza kama huko Botswana kuna misikiti. Nikamwambia nitamwandikia. Hiyo ndiyo idhini yangu, sikupewa nyingine, na sikungoja nyingine.

Sasa nakugeukia wewe. Nimefikiri kwa nini uliandika jina la Abdi, wewe unayejua kila kitu. Kwanza nilidhani ni usahaulifu. Baadaye nikaona ni woga. Ukiwa na kaka huko, mtakula ugali wa baridi na kudanganyana. Ukiwa na dada, kuna mtu atakayeona unavyoishi. Basi ogopa, mdogo wangu, maana nakuja. Lakini sitakufulia wala kukupikia. Nitapanga chumba changu, na ukitaka kula kwangu utabisha hodi na kitu mkononi.

Usidhani naondoka kwa kejeli tu. Naogopa. Sijawahi kuvuka Mbeya, Kiingereza changu ni kile cha kuandikwa kwenye mitambo, na nina umri ambao wenzangu wanaozesha. Kubwa kuliko yote ni Mama. Nikija huko, inawezekana nisimwone tena akiwa hai, na yeye analijua hilo. Tuliporudi kutoka kwa Mjomba nilitaka kulisema, akanizuia. Alinishika mkono, akaanza kunihesabia miti ya mdalasini iliyo tayari kuchunwa, na nani nimwambie aje kuichuna. Nililia njia yote ya kuteremka Mkuyuni, na dereva akidhani ni vumbi.

Pasipoti nimeishughulikia mwenyewe, bila Oscar na bila miwani, na nimeambiwa itatoka kabla mwezi huu kwisha. Barua ya mwaliko ikifika nitapanda basi la Mbeya hapo Msamvu, Tunduma, Lusaka, mpaka kwenye kivuko cha kuingilia Botswana, hapo utanipokea. Nimewauliza wanaopita njia hiyo. Hakuna atakayeniaga. Siku ya kuondoka nitamwambia jirani naenda kusaga, nitafunga mlango. Wataniaga nikishawaandikia kutoka huko, wale pilau yao bila mimi.

Barua hii anakuletea Jesca, binti wa jirani yangu, muuguzi, amepata kazi hospitali ya huko kwa mitihani yake mwenyewe. Mpokee vizuri na umwonyeshe soko. Usimsumbue kwa mambo mengine, ana mchumba na ana mkono mzito.

Mama anakusalimu sana, anasema ule, na uoe. Mjomba Mikidadi anakusalimu, na anamsalimu bosi wako kama mkubwa mwenzake. Mama mdogo Mwamvita na binti zake wote wanakusalimu. Abdi anakusalimu kutoka hapo hapo Botswana aliko, anauliza kama timu za huko zina mwalimu wa magolikipa, lakini asijibiwe kwanza mpaka mihogo ivunwe.

Ndani ya bahasha utakuta uzi nimeuviringa kwenye kipande cha sare. Ni uzi mmoja mrefu, nimeukata mahali pengi na kuuunga. Usiufungue wala kuujaribu, wewe ni mtu wa stoo. Mpe bosi wako mkononi, mwambie aupitishe kati ya vidole, atafute yalipo mafundo, kisha auvute kwa nguvu zake zote. Ukikatika penye fundo, andika jina la Abdi kwenye huo mwaliko. Usipokatika, andika Mwaisha binti Zuleha, kwa jina la Mama, na uandike vizuri.

Mungu akulinde, akupe riziki ya halali na moyo wa kuwakumbuka waliokulea.

Mimi dada yako nikupendaye, pamoja na yote niliyokuandikia,

Mwaisha